Intakomu ya waya, DECT, redio za upepo au simu: ipi ikigoma katikati ya shughuli utaiamsha mwenyewe hapa Mwanza

Mtu akitaka kununua intakomu, yaani vifaa vya timu kuongeleshana wakati wa kazi, za timu ya kamera au za kanisani swali la kwanza huwa inafika mita ngapi, na muuzaji anajibu chap maana namba ipo kwenye boksi, sasa hiyo namba wameipimia uwanja mtupu wakati wewe unaenda kuifungia ukumbini Buzuruga kuna umati, nguzo za zege na MC ana maspika yanatikisa bati. Mi nadhani swali la kuanza nalo ni jingine kabisa. Ikigoma saa nane mchana, bwana harusi ameshashuka kwenye gari, kamera namba mbili haisikii na dairekta anapunga mikono kama anaita daladala, nani ataiamsha na kwa kifaa gani? Muuzaji yuko Kariakoo, anajibu WhatsApp akipata nafasi, na ukimtumia kitu kwa basi akuangalizie ndo basi tena hadi wiki ijayo.

Kwaiyo hapa nalinganisha aina nne kwa magonjwa yake, sio kwa mita. Kila moja inaumwa, hakuna isiyoumwa, ila kuna magonjwa dawa yake ipo mjini hapa hapa na kuna mengine unabaki kuangalia taa nyekundu inavyopepesa.

Ya waya

Hizi ndo za kizamani. Clear-Com walianza 1968 kule San Francisco, walitengeneza kwa ajili ya matamasha ya rock ambako fundi taa na fundi sauti walikuwa hawasikilizani kwa kelele, na mpaka leo mfumo wa msingi ni uleule: kuna stesheni kuu inayotoa umeme, kuna kebo ya XLR ya pini tatu kama ya maiki, kila mtu ana kibeltpaki, kiboksi cha kuvaa kiunoni, na hedseti kichwani, wote mnaongea na kusikilizana kwa wakati mmoja bila kusubiriana.

Uzuri wake ni kwamba ukijua pini tatu umejua mfumo mzima. Pini ya 1 ni ethi, ya 2 inabeba umeme wa DC kama volti 30 hivi, ya 3 inabeba sauti. Basi. Kutokana na hapo taa ya kibeltpaki inakuambia karibu kila kitu. Taa imezima kabisa na wenzako wanaongea? Pini 1 au 2 imekatika kwenye kebo yako au kwenye kebo iliyokutangulia kama mmeunganisha mnyororo, mmoja anatoka kwa mwenzake. Taa inawaka vizuri ila husikii mtu? Hapo pini 3 imeachia au tatizo ni hedseti, badilishana hedseti na jirani kwanza kabla hujafungua kitu maana ni kazi ya sekunde chache na inakuondolea nusu ya mashaka. Laini nzima imekufa kwa mpigo, watu wote kimya? Kuna mahali pini 1 na 2 zimegusana, stesheni imejizima kujilinda, na hapo usianze kuhangaika na beltpaki moja moja, chomoa laini katikati. Upande wa stesheni ukirudi kuwaka basi ubovu uko upande wa pili, nao unaugawa katikati tena, hadi unaikuta kebo yenyewe, mara nyingi ni ile iliyopita chini ya mlango au mguu wa jukwaa umeikalia.

Testa ya bei ndogo ile inayolia piii inatosha, na fundi redio yeyote anajua kuchomea risasi kwenye plagi ya XLR hata kama hajawahi kuona intakomu maishani. Ndo maana naipa waya alama kubwa. Kebo yenyewe ni ya maiki, plagi zinapatikana, na kama kanisa lenu lina kebo za akiba za maiki tayari mna spea za intakomu.

Ila ina vitimbi vyake ambavyo usipovijua utamlaumu fundi bure.

Cha kwanza ni tamineta. Laini ya Clear-Com inatakiwa iwe na kizuizi cha omu 200 sehemu moja tu, na kawaida kipo ndani ya stesheni kuu. Kikikosekana sauti zinapanda kupita kiasi na laini inaanza kupiga mluzi, vikiwa viwili sauti za wote zinashuka mkaanza kuongezeana volumu mpaka mwisho na bado mnalalamika. Watu wakiazima stesheni ya pili kwa wenzao wakaichomeka humo humo ili wapate mahali pa ziada, wanakuwa wameongeza tamineta bila kujua, afu jioni nzima inakuwa "kaka ongea juu, ongea juu". Angalia nyuma ya stesheni kuna kiswichi, kimoja kiwe on kingine off.

Cha pili ni mngurumo. Kebo ya intakomu ikilazwa sambamba na ekstensheni ya taa au waya wa jenereta unaanza kusikia mmmm masikioni. Itenganishe, na kama lazima zipishane basi zikatane msalaba. Kuna na sababu nyingine ambayo mafundi wengi hawaijui kwa sababu kwenye maiki haisumbui: ganda la chuma la plagi ya XLR halitakiwi kuunganishwa na pini 1 kwenye kebo za intakomu. Likiunganishwa, plagi ikigusa chuma cha jukwaa ethi inapata njia mbili na mngurumo unaingia, ukiinyanyua unaacha, ukiiweka unarudi. Ukiona dalili hiyo fungua plagi ukate kile kiwaya kinachoenda kwenye ganda, au kwa dharura ifunge selotepu pale inapogusa chuma.

Cha tatu ni mluzi wa hedseti, mtu kavua kaiweka mezani maiki iko wazi na volumu iko juu, sauti ya sikioni inaingia kwenye maiki inazunguka. Hapa hakuna ufundi, ni kumwambia zima maiki kabla hujavua. Kwenye baadhi ya stesheni kubwa kuna kitufe cha kuzima maiki zote kwa mpigo, dairekta akijua kilipo anaokoa masikio ya watu wote.

Na tafadhali, plagi ni ileile ya maiki lakini ndani kuna volti 30. Usiichomeke kwenye miksa "kujaribu tu". Weka alama ya selotepu ya rangi kwenye kebo zote za intakomu, rangi moja isiyotumika kwa kitu kingine, wale vijana wa kwaya wanaokusaidia kufunga vitu hawawezi kujua tofauti kwa macho.

Ukinunua used kuwa makini na jina. RTS nao wanatumia kebo ya pini tatu ila mpangilio mwingine, pini 2 inabeba umeme pamoja na sauti ya chaneli ya kwanza na pini 3 inabeba chaneli ya pili. Ukichanganya beltpaki ya RTS na stesheni ya Clear-Com zinachomekana vizuri kabisa afu haziongei, na fundi atakula hela yako kutafuta ubovu ambao haupo. Hedseti nazo, plagi yake ni ya pini nne, 1 na 2 ni za maiki, 3 na 4 ni za sikio, na maiki zake ni za aina mbili, dainamiki ambayo haihitaji umeme na elekreti ambayo inahitaji. Beltpaki iliyotengenezwa kwa dainamiki ukiipa hedseti ya elekreti unasikia wenzako fresh ila wao hawakusikii. Dalili hiyo moja inawachanganya watu kuliko zote.

Sehemu inayokufa mapema kuliko zote ni waya wa hedseti pale unapoingia kwenye plagi au kwenye kikombe cha sikio. Ukitikisa sauti inakuja na kuondoka. Kata kipande kidogo, chomea upya, umemaliza.

Ubaya wa waya unajulikana, kameramani wa begani hawezi kutembea nayo kumfuata bibi harusi hadi nje kwenye mawe ya Bismarck kupiga picha. Ni ya watu wanaokaa sehemu moja.

Zile za kichwani zisizo na waya

Hapa ndo DECT, teknolojia ileile ya redio ya simu za mezani zisizo na waya, nazungumzia za aina ya Hollyland Solidcom C1, Eartec UltraLITE na ndugu zake, hedseti yenyewe ndo kila kitu, hakuna boksi kiunoni. Unashusha kijiti cha maiki unaongea, unakipandisha umejizima. Nazo mnaongea wote kwa pamoja kama kwenye simu. Timu za harusi hapa mjini zinazipenda na zina haki, unafungua boksi unavaa unafanya kazi.

Ila kuna jambo boksi haliandiki kwa herufi kubwa. Kwenye hizi kuna hedseti moja ni masta na nyingine zote zinaongea kupitia yeye. Umbali unapimwa kutoka kwa masta, sio kutoka kwa mtu na mtu. Dairekta akivaa masta yeye afu akajifungia kwenye kachumba ka nyuma na swicha (mashine ya kuchagua kamera) na laptopu, ameiweka mitambo nyuma ya ukuta na timu nzima inaanza kukatika sauti kama roboti, wanasema hedseti mbovu kumbe ni nani kavaa ipi. Mpe masta mtu anayekaa katikati ya ukumbi, kamera ya jukwaa la kati mfano, aliyeinuka juu ya vichwa vya watu, maana miili ya watu inameza mawimbi ya 1.9 GHz vizuri tu. Ukumbi ukiwa mtupu asubuhi mkajaribu mkasema iko poa, wageni wakijaa jioni mambo yanabadilika, na hiyo siyo hitilafu.

Masta pia ndo anamaliza betri haraka. Kwenye C1 wanasema masta anakaa kama masaa 5 na wale wengine kama masaa 10. Sasa harusi ya Mwanza inaanza kanisani saa nne asubuhi, picha ziwani, ukumbini usiku mpaka keki ikatwe na kamati ishukuru. Betri ya masta ikiisha timu nzima inazima kwa pamoja, na mtu asiyejua anadhani mfumo umekufa. Betri zinachomoka, kwaiyo badilisha ya masta wakati wa kupumzika hata kama bado haijalia. Mifumo mikubwa inakuja na hab ya kuweka mezani inayochukua nafasi ya masta na inakula umeme wa ukutani, hapo tatizo la betri linaisha ila linakuja la Tanesco, iweke kwenye yupiesi pamoja na swicha.

Nje kuna mawe. Hii ni Mwanza, ukifunga shughuli Capripoint au kwenye zile bustani za kando ya ziwa kuna majabali ya graniti makubwa kuliko basi, na mtu akizunguka nyuma ya jiwe amepotea hewani. Hakuna setingi itakayomrudisha, asogee.

Sasa kuna jambo la masafa ambalo ndo sababu kubwa ya kuandika sehemu hii. DECT ya Ulaya inatumia 1880 hadi 1900 MHz. Ya Marekani inatumia 1920 hadi 1930 MHz. Sisi kwenye mgawanyo wa dunia wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, tuko kanda ya 1 pamoja na Ulaya na Afrika nzima, na huku kwetu kuanzia 1920 MHz ndo mahali simu za 3G zinapopandisha mawimbi yake kwenda mnarani. Kwaiyo shangazi akikununulia seti Marekani kwa sababu kule ni nafuu, unakuja kufungua ukumbini wenye simu mia nne mfukoni zinazopiga kelele kwenye masafa yaleyale ya hedseti zako, afu wewe nawe unaingilia mtandao wa watu wenye leseni yao. Inafanya kazi nyumbani, inafanya kazi mkiwa watatu mnajaribu, siku ya kazi inakatika katika. Ugonjwa huu hauna dawa ya fundi. Uliza kabla ya kulipa kama ni toleo la Ulaya, na kama muuzaji hajui unaongea nini, tafuta mwingine.

Zipo pia za bei ya chini zinazotumia 2.4 GHz, kama Solidcom SE. Hizi tatizo la Ulaya na Marekani halizihusu sana ila ziko sehemu moja na Wai-Fai, bluututhi na kila hotspoti ya kijana anayerusha stori. Zikianza kukatika anza kwa kuzisogeza mbali na ruta yako mwenyewe, watu wanaweka ruta ya strimu na masta kwenye meza moja, halafu kama ruta yako inaweza 5 GHz hamishia huko na uzime 2.4 kabisa.

Zilizobaki ni ndogo ndogo. Hedseti moja haiungi na nyingine zinaunga, ifunganishe upya kwa kufuata kijitabu chake, na kama umenunua ya ziada baadaye angalia toleo la programu ya ndani, likitofautiana na za zamani zinaweza kukataana hadi uziboreshe zote ziwe sawa. Fanya hivyo jumatano ukiwa na umeme na bando, usiguse jumamosi. Jasho linaua sponji ya maiki na upepo wa ziwa unaingia kwenye maiki isiyo na sponji mpaka dairekta anasikia dhoruba, kwaiyo nunua sponji za akiba nyingi.

Ikifa yenyewe ndani, bodi au kile kiungo cha kijiti cha maiki, hapo hakuna wa kukusaidia mjini. Fundi ataifungua, ataona chipu ndogo ndogo, atafunga. Bei ya boksi zima inaweza kununua kamera, kwaiyo ukinunua ya watu wanne jua unahesabu na hedseti ya tano ya akiba.

Redio za upepo

Woki toki na hedseti au kisikio. Bei ndogo kuliko zote hapa, zinafika mbali kuliko DECT, betri inakaa, ukidondosha unaokota. Kwa ulinzi, maegesho ya magari na watu wa geti pale Kirumba au Nyamagana siku ya mechi hakuna kitu kinazishinda. Kwa dairekta wa kamera ni mateso, kwa sababu anaongea mmoja tu na mwingine akibonyeza wanazibana. Dairekta anataka kusema "kamera moja tayari, nenda" na wakati huohuo mtu wa sauti amebonyeza anauliza chai.

Magonjwa yake yanatibika. Neno la kwanza linakatika kwa sababu mtu anabonyeza na kuongea kwa pamoja, abonyeze, avute pumzi, ndo aongee. Chaneli nzima imezibwa na mtu asiyejua, kitufe chake kimeng'ang'ania au plagi ya pini mbili ya hedseti haijaingia mpaka mwisho, hizi plagi zina pini nene na nyembamba na zinahitaji kusukumwa kwa nguvu. Namna ya kumpata ni kila mtu achomoe hedseti mmoja mmoja mpaka chaneli ifunguke. Unasikia wenzako wao hawakusikii, angalia ile toni ya CTCSS (mlio usiousikia unaofungua redio ya mwenzako), redio moja imewekewa nyingine haijawekewa. VOX, ile ya kujiwasha ukiongea, izime kabisa penye muziki, spika zikipiga besi redio inadhani unaongea. Na redio ikiwa karibu na waya wa maiki au kamera unasikia grrr kwenye spika za ukumbi kila mtu akibonyeza, wati nne au tano sio ndogo, mtu wa redio asisimame juu ya miksa.

Redio za Baofeng BF-888S zinatoka kiwandani na chaneli 16 zilizowekwa masafa yaleyale kwenye kila boksi. Ndo maana unasikia mlinzi wa jengo la jirani kwenye chaneli yako, na yeye anasikia "mvute bibi harusi karibu". Kuzibadilisha ni kebo na laptopu tu, ila hapo unaingia kwenye sheria. Kutumia masafa kunahitaji leseni ya TCRA, sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010 iko wazi, na kama unafanya biashara ni bora ukaombe masafa yako kuliko kuokota yoyote yaliyo kimya.

Kwa watu wa kando ya ziwa kuna la ziada. Baofeng UV-5R inafika 136 hadi 174 MHz, masafa yanayoitwa VHF, na humo katikati ndo zipo chaneli za vyombo vya majini, ikiwemo chaneli ya 16 yenye 156.8 MHz ambayo ni ya kuita msaada duniani kote. Ukiwa Mwaloni Kirumba unarekodi mashindano ya mitumbwi na umebahatisha masafa ya VHF kwa sababu yalikuwa kimya, unaweza kuwa unaelekeza kamera kwenye masikio ya nahodha. Hapo usicheze. Chukua UHF, yale masafa ya juu zaidi, na kwa leseni.

Simu

Hii ni ya wasio na hela bado, na siidharau. WhatsApp koli ya kundi inachukua hadi watu 32 na kila mtu tayari ana eafoni. Ubovu wake ni kuchelewa, dairekta anasema "sasa" na kameramani anasikia tayari keki imeshakatwa, na eafoni za bluututhi zinaongeza kuchelewa juu ya kuchelewa. Mtu akipigiwa simu na mama anatoka kwenye koli. Na watu wakijaa uwanjani mnara unalemewa, bando unalo ila data haiendi.

Kuna njia ya katikati ambayo sioni watu wakiitumia. Programu inaitwa Mumble, ni ya bure, inawekwa kwenye laptopu kama seva, simu za Android zinaingia kwa Mumla, zote zikiwa kwenye ruta yenu ndogo isiyo na intaneti hata kidogo. Kuchelewa kunapungua sana, bando halitumiki, simu mnaziweka airplane mode na kuwasha Wai-Fai tu kwaiyo hakuna mama wa kupiga. Wanafunzi wa habari pale SAUT Malimbe wangeweza kufanya kipindi kizima kwa laptopu moja na ruta ndogo. Ikigoma angalia mambo mawili tu, simu imehama ikarudi kwenye data, au simu imelaza programu ili kubana betri, iondoe kwenye orodha ya kubaniwa. Eafoni ziwe za waya.

Sasa nani achukue ipi

Kanisa lenye jengo lake, kamera za stendi, fundi sauti mmoja na wa projekta mmoja: waya, hata used, na sibadilishi mawazo hapa. Itadumu kuliko kamera zenu, kila ubovu wake ni wa fundi redio wa mtaani, na kama baadaye mnataka mtu mmoja atembee kuna hab za DECT zenye tundu la kuunganisha na laini ya waya, mnaongeza badala ya kuanza upya.

Timu ya harusi inayohama hama, leo Igoma kesho Sengerema: DECT toleo la Ulaya, na hedseti ya akiba ihesabiwe kwenye bei ya kwanza. Kama hela inatosha seti bila akiba, nunua seti ndogo zaidi na akiba. Asiyekuwa na hedseti mmoja anaweza kukaa karibu na dairekta.

Tamasha la nje, Nanenane Nyamhongolo, mashindano ya ziwani: redio kwa watu wa geti na usafiri, kitu kingine kwa kamera, msizichanganye kwenye chaneli moja kwa ajili ya kuokoa hela. Na penye ngoma kubwa, mfano ukienda kurekodi Bulabo pale Bujora, aina ya mfumo sio tatizo lako la kwanza, chukua hedseti ya masikio mawili. Ya sikio moja inafaa ukumbini penye utulivu na kwa mtu anayetakiwa kusikia watu wa pembeni, ila mbele ya ngoma za Wasukuma hutasikia hata jina lako.

Wanaoanza na kamera mbili: Mumble, na hela iende kwenye taa.

Vyovyote utakavyochagua uwe na kimkoba kimoja ambacho hakitoki kwenye gari: testa, hedseti moja nzima iliyojaribiwa, kebo fupi ya XLR unayoiamini kwa asilimia mia ili upime beltpaki moja kwa moja kwenye stesheni, selotepu ya rangi, sponji, betri za akiba zilizochajiwa. Muuzaji naye mpime kwa swali moja kabla ya kulipa, muulize ana spea gani dukani leo, sio garanti miezi mingapi. Garanti ya mwaka isiyo na spea maana yake unapeleka Dar unasubiri.

Na kwa wanaoagiza stesheni used kutoka nje, omba picha ya nyuma ya mashine yenyewe, sio ya mtandaoni. Angalia imeandikwa volti ngapi. Hapa kwetu ni 230, zile za soko la Marekani nyingine zina swichi ya kubadili na nyingine hazina, na ukikuta ni 120 tu basi ongeza bei ya transfoma kwenye hesabu kabla hujatuma hela.